Nani Huipangia Kalemie Zamu Angani?

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Lukuga unaoanzia hapa Kalemie. Ziwa likifura, kama mwaka 2024, mji huu huingiliwa na maji sawa na Uvira na Bujumbura, na hapo husikika lalamiko lile lile: setilaiti zimejaa juu, zinatuona, mbona hakuna anayejua hali yetu? Anayeuliza hivyo ana haki ya kuuliza, ila amedhani kwamba setilaiti hutazama kila inapopita. Nyingi zinazopiga picha hutazama pale tu zilipopangiwa, na ratiba hiyo siku hizi hutungwa kwa programu ya kompyuta. Kwa maoni yangu, kuonekana au kutoonekana kwa Kalemie huamuliwa ndani ya ratiba hiyo kuliko mahali pengine popote, na walioiwekea masharti ni watu.

Tuiangalie setilaiti ya Sentinel-1 ya Ulaya, ambayo ya kwanza yake ilirushwa Aprili 2014. Inatumia rada, kwa hiyo huona usiku na hupenya mawingu, jambo kubwa kwa mji unaofurika wakati wa mvua. Huzunguka dunia kwa dakika 98 hivi, lakini rada hiyo ikifanya kazi yake nzito haiwashwi zaidi ya dakika 25 katika kila mzunguko, maana inakula umeme mwingi. Umbali wa kutoka Kigoma hadi Kalemie huumaliza kwa sekunde 20 hivi. Katika sekunde hizo rada iwe imewashwa, kumbukumbu ya chombo iwe na nafasi, na mbele ya safari kipatikane kituo cha ardhini cha kushushia data. Sharti moja likikosekana, picha haipo. Sasa ongeza maombi ya nchi nyingine: maombi 20 peke yake yanaweza kufuatanishwa kwa namna zaidi ya bilioni mbili mara bilioni moja. Hakuna binadamu wa kuzijaribu zote, na hata kompyuta haizijaribu. Programu huanza na maombi yenye uzito mkubwa, huyatafutia nafasi, kisha hurekebisha yanapogongana.

Atakayesema kwamba hiyo ni hesabu tu, na hesabu haina upendeleo, amesema nusu ya kweli. Uzito wa kila ombi hautoki kwenye hesabu. Setilaiti za Sentinel-1 zilipokuwa mbili, Ulaya ilipigwa picha kila siku 6, huku sehemu kubwa ya Afrika ikisubiri siku 12. Waliogharamia walijitanguliza, na sioni ajabu. Desemba 2021 moja ikaharibika, ratiba ikakatwa upya, na ya kuchukua nafasi yake haikurushwa hadi Desemba 2024. Kupunguza hapa ili kubakiza kule ni uamuzi wa sera, hata kama umeandikwa kwa lugha ya mashine.

Ratiba hiyo hiyo inaweza kugeuka kwa faida yetu. Mwishoni mwa 2006 volkano ya Nyamulagira, karibu na Goma, ililipuka, na wataalamu wakahitaji kujua lava inatokea wapi. Setilaiti ya Marekani iitwayo EO-1 ilikuwa na programu ya kupanga kazi iliyokaa ndani ya chombo chenyewe, yenye uwezo wa kubadili ratiba bila kungoja wiki za mabishano. Ilielekezwa huko, na picha zake zikasaidia kupatambua mahali pa mlipuko. Congo haikuwa na hata skrubu moja katika chombo kile. Ilikuwa na watu waliojua pa kupeleka ombi.

Kuna pingamizi zito zaidi: ziwa hupanda polepole, na setilaiti za kupima kimo cha maji hupita kwa zamu zisizobadilika, nyingine kila siku 10, bila kuombwa na mtu. Ni kweli, na kwa kimo cha ziwa zinatosha. Lakini kimo hakionyeshi ni mitaa ipi imezama wala barabara ipi imekatika. Hilo linahitaji picha, tena kwa siku maalumu. Ama kwamba picha haimwagi maji nje ya nyumba, hakuna anayebisha.

Mlango wa kuombea upo. Mkataba wa kimataifa wa anga na maafa makubwa, ulioanza kazi mwaka 2000, tangu 2012 umeruhusu mamlaka ya maafa ya nchi yoyote kuomba picha, hata kama nchi haina setilaiti, mradi mamlaka hiyo iwe imejiandikisha mapema. Maana yake ni kwamba ombi la Kalemie halitoki Kalemie moja kwa moja. Hupitia mamlaka ya kitaifa, na hapo ndipo siku zinaweza kupotea. Kinachoweza kuandaliwa hapa hapa mkoani, kabla ya mvua, ni ombi lenyewe: mipaka ya eneo kwa latitudo na longitudo, aina ya picha, na siku ya mwisho ambayo picha bado itafaa. Programu husoma mambo hayo matatu. Barua ya kuomba huruma haina safu ya kuiingiza.