Dawa hupimwa kwa kilo: mtoto asiyepimika akadiriwe vipi?

Mtoto wa miaka minne anafikishwa hospitalini akiwa na degedege. Anahitaji diazepamu haraka, na dozi inayowekwa kwa njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kila kilo. Mwili umekakamaa, mizani haitumiki. Mhudumu hana budi kukadiria.

Njia iliyozoeleka ni ya umri: chukua miaka ya mtoto, jumlisha nne, zidisha kwa mbili. Mtoto huyu anapewa kilo 16, yaani miligramu 8 za dawa. Ikiwa kwa kweli ana kilo 12, alistahili miligramu 6. Amezidishiwa theluthi nzima, na diazepamu ikizidi inaweza kudhoofisha upumuaji. Akikadiriwa chini ya uzito wake, degedege linaweza lisikome. Umri hauonyeshi nani amekonda: watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana kilo nne wakifika miaka minne.

Urefu unasaidia zaidi. Miaka ya 1980, daktari wa Marekani James Broselow alibuni utepe wa rangi unaonyooshwa kando ya mtoto, toka utosini hadi kisiginoni. Rangi iliyo usawa wa kisigino ndiyo yenye kilo na dozi zake. Tatizo ni kwamba utepe huo ulitokana na vipimo vya watoto wa Marekani. Aliyekonda humwongezea kilo asizokuwa nazo, mnene humpunguzia.

Afrika Kusini ndiko ulikotoka utepe wa PAWPER. Huo, baada ya urefu, humtaka mhudumu auangalie mwili: mwembamba, wa wastani au mnene? Njia ya Mercy, iliyokwisha kujaribiwa pia nchini Mali, hupima mkono wa juu pekee: urefu wake toka begani hadi kwenye kiwiko, na mzingo wake katikati. Jibu linasomwa kwenye jedwali.

Hata hivyo, kukadiria si kupima. Mtoto akitulia apimwe mara moja, kwani dripu na sindano za atesuneti za malaria kali nazo hutolewa kwa kilo.

Mzazi ana nafasi kubwa hapa. Kadi ya kliniki yenye uzito wa mwezi uliopita ina thamani kuliko hesabu ya umri. Iweke mahali unapoifikia hata usiku, na ukifika mapokezi utaje kilo za mtoto bila kusubiri kuulizwa. Aliyemaliza kliniki naye aendelee kupimwa.

Kwa wasimamizi wa vituo, mizani ya watoto na utepe vikae chumba cha dharura. Vikifungiwa kliniki saa za kazi zikiisha, anayeletwa usiku wa manane ndiye atakayeumia.