Nani alikifukia kigae?

Barua imetoka Kisangani, komini ya Mangobo. Aliyeiandika ni kijana anayesema kwa niaba ya wenzake, na ameanza kwa adabu ya kwao: "Jambo mama. Tulikuwa tunachimba shimo la choo kwenye parsele ya mjomba wetu. Shimo lilipofika magotini kikatoka kigae cha chungu chenye michoro, kisha kingine chini zaidi. Wazee wa hapo wanasema hapakuwa na kaburi, hapakuwa na jalala, hapakuwa na nyumba iliyobomoka. Basi ni nani aliyevifukia? Na sisi ambao hatukuyasoma mambo hayo chuoni, tunaweza kufungua kikundi chetu cha akiolojia?"

Swali la pili nalijibu haraka ili la kwanza lipate nafasi. Mnaweza, ilimradi msichimbe wenyewe. Amri-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni za nchi yenu, na kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu vya kale kunataka kibali. Lakini kusimama ukingoni mwa shimo la choo, kwa ruhusa ya mwenye parsele, na kutazama kinachotoka, hilo ni jambo jingine. Kisangani inachimbwa kila siku: visima, misingi ya nyumba, udongo wa matofali. Mvua nayo hupasua makorongo bila kumwomba mtu. Wafuateni wachimba vyoo, na mkipata kitu mkitangaze kwa wahusika. Hiyo tayari ni akiolojia.

Sasa la kwanza, tukianza na umri wa vyungu. Stanley, Tippu Tip na kituo cha kikoloni cha mwaka 1883 nawaacha walipo. Wamekwisha kuandikwa hadi wamechosha. Vyungu vya mto ni vya zamani kuliko wao kwa mbali. Kuanzia mwaka 1977 Mjerumani Manfred Eggert na wenzake walizunguka kwa mashua kwenye mito ya bonde la kati wakikagua vijiji vya kingoni, na vyungu vya mwanzo walivyovikuta, vinavyoitwa Imbonga kwa jina la kijiji, ni vya karne ya 4 KK hivi. Kwenu, mwaka 2010, msafara wa wanasayansi ulioitwa Boyekoli Ebale Congo ulishuka mto kutoka Kisangani kuelekea Bumba, na miongoni mwa wataalamu wa samaki na miti walikuwemo wanaakiolojia. Baadaye ukaja mradi wa BANTURIVERS wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, chini ya mwanaisimu Birgit Ricquier, uliofuatilia watu wa mito ya upande wenu kwa lugha, mila na vigae kwa pamoja. Kwa hiyo kigae cha Mangobo hakijatokea porini peke yake, kina ndugu.

Sasa tuje kwa aliyekifukia. Ni mchwa.

Sisemi hivyo kwa utani. Chini ya parsele ile, na chini ya msitu wote unaouzunguka mji, wanafanya kazi mchwa wa aina nyingi, wakiwemo wale wanaofuga kuvu na kutupatia ule uyoga mkubwa wa wakati wa mvua. Kila mmoja hushuka, hung'ata punje ya mchanga au kidonge cha udongo wa mfinyanzi, hupanda nacho, hukibandika kwa mate kwenye kichuguu au kwenye vile vijia vyao vya udongo juu ya magogo, kisha hurudi chini. Mvua inakuja, inabomoa, inausambaza ule udongo juu ya ardhi. Chini kumebaki vitundu. Vitundu havikai wazi milele, hujibomokea, na kilicho juu yake hushuka kidogo. Mchwa anaweza kubeba punje ya milimita 2 hivi. Kigae hawezi. Changarawe hawezi. Jiwe lililochongwa na mtu wa kale hawezi.

Chukueni beseni la mchele wa Isangi, usawazisheni vizuri, kisha juu yake mweke kifungo cha shati. Mwiteni mtoto mwenye subira, mmwambie hivi: asikiguse kifungo, ila achokoe punje moja kutoka chini yake, ailete juu, aiangushe popote katikati ya beseni. Halafu nyingine. Halafu nyingine. Mwanzoni hamtaona kitu. Baada ya muda kifungo kimeinama upande mmoja. Baadaye punje mbili tatu zimelala juu yake. Jioni kifungo hakionekani, na mgeni atakayeingia na kutia mkono ndani ya beseni ataapa kwamba mtu alikificha pale makusudi. Hakuna aliyekificha. Hakikusukumwa na hakikuzama kwa uzito wake. Mchele ndio uliohama ukaenda juu. Mwongezeeni mtoto vifungo vingine, vikubwa na vidogo, na mumwache siku nyingi. Vidole vyake vina mwisho wa kufika, tuseme kiganja kimoja chini. Vifungo vyote vitashuka mpaka pale ambapo vidole havifiki, na hapo vitajipanga kama safu moja, ingawa viliwekwa juu kwa siku tofauti kabisa. Mkivunja kifungo kimoja na kuweka nusu huku na nusu kule, mtoto akipenda kuchokoa upande wa kushoto kuliko wa kulia, nusu moja itatangulia chini na ya pili itachelewa. Shikeni habari ya hizo nusu mbili, nitaihitaji.

Safu ile ya vifungo ipo kweli katika ardhi ya tropiki. Mkipita kwenye barabara iliyokata kilima, tazameni ukuta wa udongo: juu udongo laini mwekundu au wa manjano usio na hata kokoto, kisha, mita moja au mbili chini, mstari wa changarawe na mawe, na chini yake mwamba uliooza. Wataalamu wengi wa Kifaransa na Kiingereza huuita mstari wa mawe, na vitabu vyetu vinafuata. Mimi jina hilo silipendi, kwa sababu ni mstari tu kwa anayeutazama ukutani; ukiufuata ndani ya kilima ni kitu kilichotandazwa kila upande. Nitauita tandiko la changarawe.

Aliyelitazama tandiko hilo kwa makini nchini mwenu ni Mbelgiji Jean de Heinzelin, yule yule aliyechimba Ishango mwaka 1950 na kuupata mfupa maarufu wenye alama za mikato. Mwaka 1955 alitoa utafiti wake juu ya jinsi tandiko la changarawe linavyozaliwa katika udongo wa tropiki, akiwapa mchwa sehemu kubwa ya kazi. Utafiti huo ulichapishwa na INEAC, taasisi ya kilimo ambayo kituo chake kikuu cha utafiti kilikuwa Yangambi, kilomita kama 100 mkishuka mto kutoka kwenu. Watu wanaujua mfupa wa Ishango mpaka shuleni. Kazi ya mchwa haijui mtu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobadilisha zaidi namna ya kuisoma ardhi ya Kongo.

Darwin alikuwa ameshaonja jambo hili kwa nyungunyungu wa Uingereza. Mwaka 1842 alitandaza chokaa juu ya shamba karibu na nyumba yake, akangoja. Mwaka 1871, miaka 29 baadaye, alichimba mtaro na kuikuta chokaa ile ikiwa mstari mweupe inchi 7 chini ya majani, yaani karibu sentimita 18. Ni mzee mwenye subira kuliko mtoto wetu wa mchele.

Kwa upande wa mchwa hesabu ni rahisi kuifanya kwa penseli. Tani 1 ya udongo ikitandazwa juu ya hekta nzima ni utando wa milimita 0.07 tu, mwembamba kama karatasi. Tuseme mchwa wa hekta hiyo wanapandisha tani 2 kwa mwaka. Kwa miaka 2,000 utando huo unafika sentimita 28. Wakipandisha tani 3, ni sentimita 42. Magoti ya kijana wa Mangobo yako hapo hapo. Mmomonyoko huondoa sehemu, na kila mtaa una mchwa wake, lakini mwendo wenyewe mmeuona.

Sasa zile nusu mbili za kifungo. Kwenye rasi ya Gombe, Kinshasa, ambayo wakoloni waliiita Kalina, Jean Colette alichimba katika miaka ya 1920 akapata zana za mawe kwenye vina mbalimbali. Kwa kanuni ya kawaida, ya chini ni ya kale na ya juu ni ya karibu, zikapangwa tamaduni moja juu ya nyingine, na mojawapo ikapewa jina la rasi hiyo. Vitabu vikajengwa juu ya ngazi hiyo. Mwaka 1973 na 1974 Daniel Cahen akarudi kuchimba pale pale, na akafanya kitu ambacho hakihitaji mashine yoyote: alikaa na mawe mezani akijaribu kuyaunganisha, kipande kwa kipande, kutafuta vipande vilivyobanduliwa kwenye jiwe moja. Vikaungana. Ubaya ni kwamba kipande kimoja kilitoka juu na mwenzake kilitoka chini, baadhi vikiachana kwa karibu mita nzima. Mtu mmoja alikaa mchana mmoja akigonga jiwe moja, na vitabu vilikuwa vimemgawa kuwa watu wa nyakati mbili.

Mwaka 1977 Cahen na Jan Moeyersons walichapisha habari hiyo katika jarida la Nature. Moeyersons alitaka pia kuona kwa macho, akafukia mawe kwenye mchanga maabara, akawa anaulowesha na kuukausha, na mawe yakahama. Yaani hata bila mchwa, maji peke yake yanatosha kuanzisha safari.

Nadhani mmeshaona tatizo linaelekea wapi. Umri wa kigae mara nyingi hupimwa kwa mkaa ulio jirani yake, kwa njia ya kaboni, na kama kigae kimesafiri, mkaa nao umesafiri, kila mmoja kwa mwendo wake. Ujirani wa leo si ujirani wa zamani. Mwaka 2021 Dirk Seidensticker na wenzake walikusanya tarehe 1,149 za kaboni kutoka maeneo 726 ya msitu wa Kongo na pembezoni mwake, na kutokana nazo wakasema kwamba kati ya mwaka 400 na 600 BK watu walipungua vibaya sana msituni, kisha wakaanza kuongezeka tena baadaye. Hata hivyo mimi naamini. Tarehe zikiwa nyingi namna hiyo, upotofu wa moja moja haubomoi picha nzima.

Kuna mahali ambapo mchwa hashindi kirahisi, nalo ni shimo la kale. Watu wa zamani walichimba mashimo na kuyajaza vyungu, wakati mwingine vizima, pamoja na majivu na kokwa za chikichi zilizoungua. Shimo la namna hiyo hubaki na umbo lake, udongo wake ni mweusi kuliko wa kandoni, na kokwa ndizo zawadi kubwa, maana tunda la mchikichi ni la msimu mmoja. Mkaa unaweza kutoka kwenye moyo wa mti uliokuwa na miaka mia tatu tayari siku ulipokatwa, na tarehe yake ikawa ya mti, si ya moto. Mifupa msiitegemee. Udongo wenu una asidi, huila.

Kwa hiyo ninyi mna kazi, na si ile ya kutafuta hazina. Mchimba choo anapofika kwenye udongo mweusi wa mviringo, mwombeni asimame kidogo, mpige picha kwa simu na futi ikiwa imewekwa kando, kisha mpigieni mtu wa Chuo Kikuu cha Kisangani kabla jembe halijashuka tena. Namna ya kuandika na kupima mtaikuta kwenye kitabu cha mwongozo wa kazi za uwanjani cha Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kilichotolewa mwaka 2017, kwa Kifaransa na Kiingereza, bure kwenye intaneti. Ni kinene, lakini sura ya vyungu inatosha kuanzia.

Kama hakuna shimo la kale, kuna vigae vya kawaida tu ndani ya udongo laini kama vile vya mjomba, hapo ndipo nawaonea wivu. Kila kigae kipewe mfuko wake na karatasi yenye jina la avenyu, tarehe na kina kwa sentimita kutoka juu ya ardhi. Vioshwe taratibu, bila kusuguliwa michoro, na namba iandikwe ndani ya kigae kwa wino usiotoka. Kisha Jumapili moja mchana vimwageni vyote mkekani na kujaribu kuviunganisha. Wataalamu wanaokuja kwa majuma machache hawana muda wa mchezo huo, ninyi mnao. Mkikuta vipande viwili vinashikana mpaka mchoro unaendelea kutoka kimoja hadi kingine, na kimoja kimeandikwa 45 na cha pili 80, msidhani mmekosea kupima. Vipigeni picha vyote viwili pamoja, namba zikionekana, mpeleke chuoni, na mimi mniletee nakala.