Dawa ya Kuhara Damu Inapougeukia Moyo wa Kuku

Halmashauri inawakumbusha wafugaji wa kuku wa nyama kusoma maandishi ya mfuko kabla ya kuongeza dawa ya unga katika chakula. Baadhi ya vyakula vya kiwandani huwa tayari vimetiwa kinga dhidi ya ugonjwa wa kuhara damu. Anayeongeza nyingine huwalisha kuku wake maradufu bila kujua.

Miongoni mwa dawa hizo ni maduramisini. Hupitisha sodiamu hadi ndani ya kimelea. Maji hufuata, kimelea kikavimba na kufa. Ikizidi, hufanya vivyo hivyo kwa seli za moyo wa kuku: sodiamu huingia, kalsiamu hufuata, na seli hufa. Kipimo chake ni gramu 5 tu za dawa halisi kwa tani 1 ya chakula, na maradufu ya hapo huweza kudhuru. Kiasi kidogo namna hiyo hakienei sawasawa kwa kuchanganya na koleo sakafuni.

Kuku aliyezidishiwa hulegea miguu, hulalia kifua, na huweza kufa ghafla. Wengi hudhani ni mdondo. Wengine, kwa bahati mbaya, huongeza dawa ileile. Sumu hii haina dawa mahususi ya kuiondoa. Ondoa chakula hicho, wape kingine na maji safi, kisha mwite Afisa Mifugo wa Kata na umwonyeshe mfuko.

Kando ya njia ya kale ya misafara iendayo Ujiji, ambako punda bado huvuta mikokoteni, mabaki ya chakula hicho wasipewe kamwe. Kiasi ambacho kuku hukimudu huweza kumuua punda.