Ngoma Nzuri na Daftari Safi

Ndugu msomaji, huenda kijijini kwako kuna kikundi cha ngoma, kwaya au maigizo. Huenda wewe mwenyewe ni mmoja wa wachezaji. Vikundi vingi vya namna hii huanza kwa furaha, kisha huvunjika baada ya mwaka mmoja au miwili. Mara nyingi havivunjiki kwa sababu watu wamechoka kucheza. Huvunjika kwa sababu ya fedha.

Fedha huvunja kikundi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni fedha kukosa mlinzi. Njia ya pili ni mlinzi wa fedha kuibana ngoma mpaka ikafa. Tuzitazame njia hizi moja moja.

Fedha zisizo na mlinzi

Kikundi kinalipwa. Mwenyekiti anaziweka fedha mfukoni. Hakuna anayeandika. Huyu anakopa kidogo, yule anajilipa nauli. Siku ngozi ya ngoma inapopasuka, hakuna hata shilingi ya kununulia nyingine. Hapo minong'ono huanza. Kila mtu anamshuku mwenzake. Pengine hakuna aliyeiba. Lakini kwa kuwa hakuna maandishi, hakuna awezaye kujitetea.

Hata shughuli kubwa za sanaa husimama fedha zisipotosha. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza Unguja mwaka 2004. Tamasha hilo huwavuta wanamuziki na watazamaji kutoka nchi nyingi. Lakini mwaka 2016 halikufanyika. Waandaaji walieleza kwamba fedha zilizohitajika hazikupatikana. Mwaka 2017 tamasha lilirudi. Tunajifunza nini hapa? Nyimbo peke yake hazitoshi. Tena, ni heri kusimama mwaka mmoja kuliko kuwaalika watu ambao huwezi kuwalipa.

Mlinzi anayebana mno

Sasa tutazame upande wa pili. Kikundi kina mtunza hazina mwaminifu. Haibi hata senti. Lakini kila jambo jipya analikataa. Mtunzi akiomba njuga mpya, anaambiwa za zamani zinatosha. Akiomba siku mbili za kufundisha wimbo mpya, anaambiwa chakula cha wachezaji ni gharama. Fedha zinakaa sandukuni, na ngoma inabaki ileile. Watu wanaizoea. Mialiko inapungua. Mwisho, hata fedha haziingii tena.

Wasukuma wanalijua jambo hili vizuri. Tangu zamani wana pande mbili kubwa za ngoma, Bagika na Bagalu. Katika mashindano yao baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja. Kikundi kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kinachoshinda. Kwa hiyo kila kikundi hutafuta jambo jipya la kuwashangaza watu. Wengine hucheza na majembe, wengine hucheza na nyoka. Kikundi kisichobuni kitu huwaona watazamaji wake wakihamia upande wa pili.

Fedha za kikundi cha sanaa ni kama mbegu. Ukizila zote, msimu ujao huna cha kupanda. Ukizifungia ghalani bila kupanda, zitaliwa na wadudu.

Gawaneni kazi

Dawa ni kugawana kazi. Wanachama wote, katika kikao, wapange fedha zitakavyotumika. Mtunza hazina alinde mpango huo. Mtunzi na kiongozi wa ngoma wawe huru ndani ya fungu walilopewa. Mtunza hazina asimchagulie mtunzi wimbo. Mtunzi naye asichukue fedha bila kuandikiwa.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha watu 15 kimealikwa harusini na kulipwa shilingi 300,000. Kikao kinaweza kuzigawa hivi:

Nauli: shilingi 60,000
Chakula: shilingi 45,000
Akiba ya kutengeneza vifaa: shilingi 45,000
Kutunga mchezo mpya: shilingi 30,000
Malipo ya wachezaji, shilingi 8,000 kila mmoja: shilingi 120,000
Jumla: shilingi 300,000

Litazame fungu la mchezo mpya. Hilo ni fungu la kujaribu. Mchezo mpya unaweza kupendwa, au usipendwe. Usipopendwa, kikundi kimepoteza shilingi 30,000 tu. Nauli, chakula na malipo ya wachezaji hayakuguswa. Kwa hiyo mtunzi anaweza kujaribu bila hofu, na mtunza hazina anaweza kulala usingizi. Fungu hili likiisha, mtunzi asubiri malipo mengine. Lisipotumika, lisipelekwe kwenye matumizi mengine bila idhini ya kikao.

Daftari

Nunueni daftari moja. Kila ukurasa upigwe mistari ili upate sehemu tano: tarehe, maelezo, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na baki. Kila fedha inayoingia iandikwe siku hiyohiyo. Kila fedha inayotoka iwe na stakabadhi. Pasipo stakabadhi, aliyepokea aweke sahihi au dole gumba. Fedha zisitolewe na mtu mmoja peke yake. Watu wawili waweke sahihi.

Kila mwezi daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, kisha fedha zihesabiwe. Baki ya daftari na fedha zilizopo lazima zilingane. Zisipolingana, tafuteni sababu siku hiyohiyo, kabla minong'ono haijaanza.

Ndugu msomaji, kazi hii haihitaji msomi mkubwa. Inahitaji mtu anayejua kusoma, kuandika, kujumlisha na kutoa. Wewe sasa unaweza. Daftari likiwa safi, wachezaji wataaminiana. Na watu wanaoaminiana hucheza vizuri zaidi.

Maswali ya kujadili

1. Fedha huweza kuvunja kikundi cha ngoma kwa njia gani mbili?
2. Kwa nini fungu la mchezo mpya litengwe mbali na mafungu mengine?
3. Kikundi cha kijijini kwenu kikilipwa shilingi 200,000, mtazigawaje? Andikeni mpango wenu kwenye daftari, kisha mjumlishe.