Wapagazi Wasiokuwa na Majina

Askari akifa vitani, jina lake huandikwa. Sisi tuliovaa sare twalichukulia jambo hilo kuwa la kawaida, kama zamu na gwaride. Lakini wanahistoria wamethibitisha kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa Afrika Mashariki tangu 1914 hata Novemba 1918, wengi mno miongoni mwa wazee wetu hawakuandikwa popote, wala haikuwa kwa bahati mbaya.

Waingereza walikusanya wapagazi wapatao milioni moja, wengine kwa mshahara, wengi kwa nguvu. Barabara hazikuwapo, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Basi kila risasi na kila kibaba cha unga kilipita juu ya kichwa cha mtu. Hesabu itajwayo mara nyingi ni wapagazi 95,000 waliofariki, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Watu wa hapa Uganda waliozoea matoke walilishwa unga wa mahindi usioiva, na matumbo yakawashinda. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho.

Mwanahistoria hufanya kazi kama mpelelezi, na ndugu zetu wa polisi watamwelewa upesi: hatosheki na shahidi mmoja. Geoffrey Hodges aliwahoji wapagazi wazee wakiwa bado hai, akalinganisha maneno yao na taarifa za serikali. Kitabu chake kilitoka 1986. Wengine walifungua majalada ya Tume ya Makaburi ya Vita yenyewe. Tume hiyo, iliyoundwa 1917, iliahidi kuwa wafu wote watakuwa sawa, bila kujali cheo wala rangi. Majalada yalisema vingine. Mwaka 1923 Guggisberg, gavana wa Gold Coast, alidai kuwa Mwafrika wa kawaida asingeelewa maana ya jiwe la kaburi. Gavana wa Tanganyika naye alitaka makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Ushahidi, basi, ulikuwa umetunzwa na mshtakiwa mwenyewe, tena kwa utaratibu mzuri.

Profesa Michèle Barrett aliyaandika hayo, yakasomwa na wataalamu wachache. Ilipofika 2019, mbunge David Lammy aliyaeleza katika filamu ya televisheni, ndipo Tume ikaunda kamati. Twaona hapo kwamba utafiti usiowafikia wananchi huweza kukaa kabatini kama yale majalada.

Taarifa ya kamati ilitoka Aprili 2021. Ilisema watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Kazi iliyobaki ni ngumu kuliko kuomba radhi. Karani Mwingereza aliandika jina kama alivyolisikia, mara nyingi jina moja tu na namba. Mtu mmoja aweza kuonekana wawili, na wawili wakawa mmoja. Kwa hiyo karatasi ya zamani iliyo katika sanduku la babu, au nishani ya KAR yenye namba na jina ukingoni, si takataka. Ipelekwe kwenye nyaraka za taifa, pamoja na jina la kijiji alikotoka.