Kuazima, Kukodi, na Fungu la Chombo katika Kisiwa cha Pemba

Kisiwa cha Pemba, ambacho Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, hakina mito mikubwa kama ile ya bara. Vijito vyake ni vifupi. Bali bahari yenyewe huingia ndani ya nchi kwa mikono mingi, hasa upande wa magharibi, ikipita kati ya mikoko. Mji wa Chake Chake umejengwa penye ncha ya mkono mmoja wa namna hiyo. Maji yakijaa, chombo kidogo chaweza kupita. Yakipwa, hubaki matope. Tena visiwa vidogo vimeizunguka Pemba, kama Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza na Kojani, na mtu wa huko asiyekuwa na chombo hana njia ya kuvuka. Wala si kila mtu ana chombo chake. Basi twataka kueleza hapa jinsi chombo cha nyumba moja kinavyotumiwa na watu wa nyumba nyingine, na maneno yatumikayo katika mapatano hayo. Maana mwalimu asiyeyapambanua maneno haya aweza kumdhulumu mtu bila kukusudia.

Kwanza tutazame majina. Mkono wa bahari huitwa hori, na namna moja ya mtumbwi wenye omo na tezi zilizoinuka nayo huitwa hori. Msomaji aweza kudhani ya kuwa chombo kimepewa jina la mahali kipitapo, lakini sivyo. Hori ya maji ni neno la Kiarabu khawr, na hori ya kupanda ni huri, jina la mitumbwi iliyoletwa Arabuni kutoka pwani ya Bara Hindi. Maneno mawili yamekutana katika kinywa cha Mswahili yakawa moja. Nauli nayo imetoka mbali: Waarabu waliipata kwa Wayunani, ambao waliita naulon malipo ya kupakiwa chomboni. Lakini mtumbwi wenyewe ni wa kale sana katika pwani yetu. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja kisiwa cha Menuthias, chenye miti mingi, ambacho watu wake walivua samaki na kasa kwa vyombo vya kushonwa na kwa mitumbwi ya gogo moja. Wataalamu wengine husema kisiwa hicho ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia.

Mtumbwi huchongwa kwa tezo katika gogo moja, na mti upendwao sana ni mwembe. Ukitiwa mbao mbili za kuegemea majini, moja kila upande, na mlingoti na tanga, huwa ngalawa. Chombo hakidumu pasipo matunzo. Wadudu wa baharini hutoboa mti, na jua huupasua. Kwa hiyo mwenyewe hana budi kukipandisha pwani, kukikwangua, kukipaka sifa, yaani mafuta ya samaki, na kukitia deheni chini. Haya twayataja kwa sababu ugomvi mwingi wa vyombo si wa malipo, bali ni wa matunzo: nani anunue deheni, na nani alipe ufa ukitokea?

Sasa tuyaeleze mapatano, nayo ni ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni kuazima. Jirani apewa mtumbwi avuke au apeleke mgonjwa, wala halipi kitu. Watu wengi wa Pemba ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na katika fikihi yao aliyeazima ni mdhamini: chombo kikipotea kwa jambo lisilo la matumizi aliyoruhusiwa, yampasa kulipa hata kama hakuzembea. Basi kinachotolewa bure chaweza kuwa na mzigo mzito kuliko kinacholipiwa.

Namna ya pili ni kukodi, ambayo wanavyuoni huiita ijara. Hayo ni mapatano ya manufaa yanayojulikana kwa ujira unaojulikana. Mtu achukua chombo kwa siku au kwa mwezi, naye hulipa kiasi kilichokatwa, apate samaki asipate. Lakini mkononi mwake chombo ni amana. Kikivunjika naye hakuzembea wala hakuvuka mpaka wa mapatano, halipi.

Namna ya tatu ni fungu, nayo ndiyo desturi ya wavuvi katika sehemu nyingi za pwani. Mwenye chombo hapokei ujira uliokatwa. Samaki wakiisha kuuzwa na gharama kutolewa, fedha iliyobaki hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya wavuvi. Kiasi cha mafungu si kimoja kila mahali. Tuseme, kwa mfano, imebaki shilingi 60,000, na mafungu ni sita: moja la chombo, moja la nyavu, na manne ya wavuvi wanne. Kila fungu litakuwa shilingi 10,000. Na siku ambayo bahari haikutoa kitu, chombo nacho hakipati kitu. Ndiyo maana fungu si ijara: katika ijara hasara ya siku mbaya humwangukia mvuvi peke yake, katika fungu, mwenye chombo na mvuvi huila pamoja.

Tuone sasa jinsi chombo kinavyokuwa cha nyumba nzima. Baba afariki, aache mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na ngalawa. Ngalawa haikatwi vipande. Aghalabu huachwa iwe ya shirika, na kinachogawanywa ni pato lake. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu, mjane hupata thumni, na iliyobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke sehemu moja. Katika lile fungu la shilingi 10,000, mjane atapata 1,250, kila mwana wa kiume 3,500, na binti 1,750. Lakini deheni pia ni ya wote, na hapo ndipo shirika hujaribiwa. Wahenga walisema ya kuwa nahodha wengi chombo huenda mrama. Kwa hiyo nyumba yenye busara humteua mmoja awe msimamizi, apokee fungu na kulitoa mbele ya wenzake.

Mtu aweza kusema basi fungu ni haki na ijara ni dhuluma. Sisi hatusemi hivyo. Mjane hayuko pwani samaki wakiuzwa. Akiambiwa hapakupatikana kitu, atajuaje? Wavuvi wa Kojani husafiri mbali wakakaa dago, yaani kambi ya wavuvi, kwa majuma mengi, na hesabu yao huonwa na wao wenyewe. Kwa mtu asiyeweza kuikagua hesabu, ujira mdogo unaojulikana waweza kuwa ngao. Fungu lataka uaminifu; mahali uaminifu ulipo halina mfano, na mahali usipokuwapo humla mnyonge kimyakimya.

Tena siku hizi mambo mawili yamelisukuma fungu kando. La kwanza ni mashini: petroli hununuliwa kabla ya safari, na siku isiyo na samaki si siku ya bure tena, bali ni siku ya deni. La pili ni wageni watakao kutembezwa katika mikoko au kupelekwa Misali. Mgeni hana fungu. Hulipa kwa siku, naye ataka kujua bei kabla ya kupanda. Mwenye chombo aliyezoea malipo ya mgeni huweza kumtaka mvuvi alipe vivyo hivyo, na mvuvi akubalipo neno lile lile la kukodi, hutambua wakati wa kusi tu kwamba hasara yote imekuwa yake.

Kwa hiyo mwalimu aombwapo kuandika hati ya chombo, asiandike upesi kwamba fulani amekodi. Aulize kwanza mambo manne: Siku isiyo na samaki, nani hukosa? Chombo kikivunjika, nani hutengeneza? Fungu likipatikana, nani hulipokea kwa niaba ya nyumba? Na asiyekuwapo pwani ataionaje hesabu? Akiisha kupata majibu, jina la mapatano litajulikana lenyewe, nalo aliandike jinsi watu wenyewe walitamkavyo.