Kofia Nyekundu Isikudanganye: Kumtambua Kinda wa Kigong'ota

Wakazi wa Area 25 mjini Lilongwe, na wa makazi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, humsikia kigong'ota kabla ya kumwona: ko, ko, ko, juu ya tawi kavu. Miongoni mwa walio wadogo ni kigong'ota kadinali, ndege wa sentimita 15 hivi, mwenye michirizi myeusi kifuani na sharubu nyeusi.

Ndege huyu huzua ubishi. Dume mzima ana paji la hudhurungi na kisogo chekundu. Jike hana wekundu wowote. Kisogo chake ni cheusi. Mara huonekana wa tatu, mwenye utosi mwekundu na kisogo cheusi. Hafanani na baba wala mama, na watu humdhania kuwa wa aina nyingine.

Huyo ni kinda. Makinda wa kadinali, wa kiume na wa kike, wote huvaa wekundu utosini. Wabadilishapo manyoya, jike huupoteza, na wa dume huwa kisogoni.

Asichanganywe na kigong'ota mkia-dhahabu. Huyo hufikia sentimita 20, naye pia ana michirizi kifuani. Lakini jike wake, na kinda amfananaye, wana utosi mweusi wenye madoa na kisogo chekundu. Kigong'ota ndevu ni mkubwa zaidi, sentimita 24 hivi. Kinda wake pia ana wekundu utosini, ila kifua kina mistari ya kukingama.

Basi, ndugu msomaji, mtazame ndege kama mlinzi wa zamu atazamavyo cheo: si rangi tu, bali imekaa mahali gani. Anza na ukubwa, kisha kichwa, kisha sharubu na kifua.

Kumjua kinda kuna faida. Akishatoka tunduni, wazazi huendelea kumlisha kwa wiki kadhaa. Akipigwa manati, kazi yao yote hupotea. Nao hula mabuu wanaotoboa miti. Tundu lao huchimbwa katika mti uliokufa au tawi lililooza, ambalo ndilo kuni ya kwanza kutafutwa. Katika miaka ya 2010 wanajeshi wa Malawi walipelekwa kuulinda msitu wa Dzalanyama, kusini-magharibi ya Lilongwe, dhidi ya wachoma mkaa. Nyumbani ulinzi ni mwepesi zaidi: gogo lenye tundu liachwe lisimame mpaka makinda waruke, na watoto waambiwe sababu yake.